Kupiga picha Amani: usiombe jua, omba mawingu

Wengi wakija bustani ya mimea ya Amani na kamera wanaombea jua liwake, mimi naombea mawingu. Bustani ile iko Usambara Mashariki, unapanda kutoka Muheza, Wajerumani waliianzisha 1902 kujaribia mimea ya kila aina, na leo miti imefunga huko juu kiasi kwamba mchana jua linapenya madoa madoa tu, sasa ua likiwa nusu juani nusu kivulini kamera haiwezi kubeba vyote viwili, petali zinaungua nyeupe ama majani yanakuwa meusi tii. Kukiwa na wingu mwanga unasambaa sawa na rangi inatulia.

Chukua Saintpaulia, lile ua dogo la zambarau ambalo Ulaya wanalifuga dirishani, kwao asili ni milima ya huku kwetu Tanzania na Kenya, linaota kwenye miamba yenye unyevu. Nyuma yake kuna giza, kwa hiyo kamera inadhani picha nzima ni ya giza inaongeza mwanga, zambarau inapauka. Shusha mwanga kwa theluthi mbili za stopu (stopu ni kipimo cha mwanga kwenye kamera). Halafu mwanga unaopita kwenye majani unakuja na ukijani wake, ukiiachia simu iamue rangi yenyewe zambarau inageuka bluu, bora upige RAW (faili ghafi, kamera haijaligusa) urekebishe nyumbani. Fokasi iwe kwenye vile vifuko viwili vya njano katikati, vikiwa shapu jicho linaridhika hata petali za pembeni zikilainika. Na tafadhali usilichume wala kulisogeza ili upate engo nzuri, sogea wewe, piga magoti kwenye tope.

Kinyonga wa pembe tatu ndo anataka subira kweli (mwenye pembe ni dume). Ukimzunguka anazunguka na yeye, anajibana upande wa pili wa tawi unabaki kupiga picha ya kijiti. Simama, tulia, atatoka mwenyewe.

Chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, usimkimbize, kaa karibu na ua analolirudia, spidi 1/1000 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ipande tu, chenga kwenye picha zinavumilika kuliko ndege mwenye ukungu.

Lenzi ya makro (ya kupiga vitu vidogo kwa karibu) ya milimita 100 inatosha kwa maua na kinyonga, kwa ndege na mbega beba ya milimita 300. Ukishuka kwenye gari lenye AC iache kamera ndani ya begi kwanza ipate joto, la sivyo lenzi inafunga umande hapo hapo.