Kelele za mashine ya milingi: piga hesabu kabla hujapunguza spidi

Mashine ya milingi ya CNC, yaani ya kukata chuma kwa kuongozwa na kompyuta, ikianza kupiga yowe, mafundi wengi hapa Dar hukimbilia kupunguza spidi. Kelele inashuka kidogo, kazi inachelewa, na chanzo kinabaki palepale. Kazi yangu ni kupima mitetemo ya mashine, na nawasihi sana wenzangu: jueni kwanza sauti inatoka wapi.

Sikio peke yake halitoshi. Karakana zetu kuanzia Gerezani hadi Vingunguti nyingi ni kuta za tofali na paa la bati; sauti inadunda mpaka unaona inatoka kila upande. Kwa hiyo zima kimoja kimoja: kompresa, feni, pampu ya maji ya kupoozea. Kisha zungusha spindo, yaani mhimili unaozungusha kisu, bila kukata. Mlio ukiwepo hata kabla kisu hakijagusa chuma, toa kisu uzungushe tena. Ukipotea, ulikuwa wa hewa inayochapwa na meno. Ukibaki, na ukashuka kadiri spindo inavyopunguza mwendo, kagua beringi.

Kisu kikiingia kwenye chuma, hapo ndipo hesabu inapoanza. Gawa mizunguko ya dakika kwa 60, kisha zidisha kwa idadi ya meno. Kwa kisu cha meno matatu kwenye mizunguko 12,000, spindo ni 200 Hz (mara 200 kwa sekunde) na meno ni 600 Hz. Weka kwenye simu programu inayochora masafa ya sauti. Vilele vya 600, 1,200 na 1,800 ni ukataji wenyewe. Kilele cha 200 kikiwa kirefu, kisu hakikukaa katikati na jino moja linabebeshwa mzigo kuliko mengine. Fungua koleti, yaani kibano kinachoshika kisu, uisafishe, maana chembe ya chuma iliyonaswa humo inatosha kabisa kuleta shida hiyo.

Sasa kikitokea kilele cha 1,450, ambacho hakigawanyiki kwa 200, huo ndio mtetemo unaojilisha wenyewe: kila jino linakata juu ya mawimbi yaliyoachwa na jino lililotangulia. Pitisha ukucha kwenye uso wa kazi baada ya mashine kusimama, utayahisi. Zidisha 1,450 kwa 60, gawa kwa meno matatu: 29,000. Mashine haifiki huko, basi gawa kwa mbili, upate 14,500. Ndiyo, spidi inapanda! Kwa mwendo huo, kati ya jino na jino yanaingia mawimbi mawili kamili, na unene wa chuma kinachokatwa hauyumbi tena. Hakikisha tu kisu na spindo vinaruhusu spidi hiyo, anza na kina kidogo, kisha pima upya.

Kuta nyembamba za alumini zina taabu yake. Kadiri unavyozikata ndivyo masafa yake yanavyobadilika, kwa hiyo spidi iliyotulia mwanzoni yaweza kupiga kelele mwishoni. Hapo usihangaike na spidi peke yake. Kata kwa tabaka pande zote mbili kwa zamu, ukuta ubaki na unene wa kuushikilia chini.