Homa ya Ulaya si baridi: maswali ya wanaosafiri mara ya kwanza kutoka Mombasa

Mie ni nesi, niko kituo cha afya hapa kisiwani Mombasa, na siku hizi kila wiki lazima nikutane na mtu anaekwenda Ulaya kwa mara ya kwanza. Kuna vijana wanaokwenda kusoma, kuna wa kazi za Ujerumani tangu ule mkataba wa wafanyikazi utiwe saini Septemba 2024, na kuna kina mama wanaokwenda kumlea mjukuu miezi mitatu ya viza. Maswali yao ni yaleyale na makosa yao ni yaleyale, kwa hivyo nayajibu hapa mara moja, na moja ntalirudia mpaka mchoke.

Nije kliniki lini kabla ya safari?

Wiki 6 kabla, ikishindikana basi wiki 4. Sio siku ya safari jamani. Mtu anaingia saa kumi jioni, ndege ni usiku, tuktuk inamngoja nje na injini haijazimwa, ati nesi niandikie barua ya dawa haraka haraka. Barua ntakuandikia, lakini presha yako nimeikuta 180 kwa 110 na hapo sina la kukusaidia, dawa mpya inataka siku kadhaa tuone kama imekukubali, na wewe saa hiyo uko juu ya Sudan.

Nadungwa sindano gani?

Homa ya manjano nchi nyingi za Ulaya hazikuulizi, lakini waweza kuulizwa kule unakobadilisha ndege, kwa hivyo angalia njia yako yote sio mwisho wake tu. Kadi ukiwa nayo, tangu 2016 ni ya maisha, hata kama imeandikwa miaka 10, usimpe mtu pesa akurudishie upya. Surua muulize mamako kama ulichanjwa, na wenye watoto hakikisheni wamepata zote mbili, ya miezi 9 na ya miezi 18, manake surua kule ipo na 2024 ilikuwa nyingi kuliko mwaka wowote tangu 1997 katika kanda ya Ulaya ya WHO. Pepopunda kama ni zamani, rudia. Na anaekwenda Uingereza kukaa zaidi ya miezi 6 atatakiwa cheti cha kupimwa kifua kikuu na hicho hakitoki kwetu wala kwa kliniki yoyote tu, kuna kituo kinachotambuliwa na serikali ya Uingereza, panga mapema.

Hayo ya sindano yameisha, sasa tuje kwa linaloniuma.

Nimefika, wiki ya pili napata homa, natetemeka, viungo vyauma. Si hali ya hewa tu imebadilika?

Hapana. Hapana tena. Ukitoka huku kwetu na ukapata homa kule, hiyo ni malaria mpaka damu ipimwe ionyeshe si malaria. Sio baridi, sio uchovu wa safari, sio chakula chao kisicho na pilipili, sio jicho la watu walioona picha zako za airport. Upimwe damu, siku hiyohiyo.

Ntawaambia ninavyoviona kwenye simu yangu. Voisi noti inaingia usiku, sauti inatetemeka, "nesi nina homa siku ya nne lakini ni hii baridi ya huku, shangazi amenipa tangawizi na Panadol nikitoa jasho ntakuwa sawa". Shangazi mwenyewe ameishi huko miaka kumi na tano, kashasahau malaria ikoje. Mmoja nilimwambia enda hospitali sasa hivi, akasema kesho manake leo kuna theluji, kesho yake akasema Jumatatu. Alipelekwa na ambulensi akiwa hajui jina lake, macho manjano, mkojo rangi ya Coca-Cola, akalala chumba cha mahututi. Aliishi, alhamdulillahi. Lakini siku 5 za tangawizi ndo zilimpeleka pale.

Malaria ya huku karibu yote ni ya falciparum, ile kali, na ile haingoji. Leo waweza kutembea na kula, keshokutwa huna fahamu. Panadol inashusha homa, haiui kijidudu hata kimoja, ndio maana mtu anajiona nafuu mchana halafu usiku inarudi na nguvu zaidi.

Lakini Ulaya hakuna malaria, itanipata vipi?

Huipati huko, waondoka nayo hapa. Na ntawaambia mnapoipatia. Ni ile wikendi ya kuaga. Mtu anaishi Kizingo hapa mjini ndani ya nyumba ina wavu madirishani, viza ikitoka anakwenda Kwale au ndani ndani ya Kilifi kumuaga bibi, wanakaa nje mpaka saa sita ya usiku wanapiga stori, analala kwenye mkeka bila chandarua kwa sababu ati ni siku mbili tu. Jumatatu yuko kwenye ndege. Mbu alishamaliza kazi yake Jumamosi usiku. Homa inaanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa, wengi ni ndani ya mwezi mmoja, yaweza kuchelewa mpaka miezi 3 na mara chache hata zaidi. Hesabu mwenyewe wakati huo uko wapi.

Kaage bibi, baraka zake ni muhimu, lakini chandarua kitie kwenye begi.

Mie nilipimwa malaria siku mbili kabla ya kuondoka, haikuonekana kitu.

Ndio, na haikukusaidia. Kijidudu kikiingia kinakwenda kwanza kujificha kwenye ini kama wiki moja, wakati huo damu ni safi na kipimo hakioni. Ukiumwa Jumamosi ukipimwa Jumapili utaambiwa huna. Kwa hivyo kile kikaratasi usikitoe kumuonyesha daktari wa kule kama ushahidi kwamba si malaria, wengine wamefanya hivyo na daktari akaamini. Na hata kule, kipimo cha kwanza kisipoonyesha na homa ingalipo, rudi wapime tena kesho yake na keshokutwa. Wanajua hivyo, lakini wakumbushe.

Basi si nimeze AL, ile dawa ya malaria, kabisa kabla ya kusafiri, kusafisha damu? Au nibebe niimeze nikisikia homa?

Huu mchezo wa kusafisha damu sjui nani aliuanzisha. AL haisafishi damu, inatibu malaria iliyopimwa ikaonekana. Inaua vijidudu vilivyo kwenye damu, vile vya kwenye ini haivigusi sana, na dawa yenyewe ni ya kutibu, si ya kinga ya safari. Sasa wewe umemeza Ijumaa, Jumamosi umeumwa na mbu, ukifika kule wajipa moyo "mie nshameza dawa" na ndio wachelewa zaidi.

Na kubeba ujitibu chumbani pia sitaki. Nawajua, mtu mzima ni tembe 4 mara mbili kwa siku, siku 3, jumla 24, na zimezwe na chakula chenye mafuta kidogo, nyinyi mnameza siku moja na nusu mkiona nafuu zilobaki mnawekea mwenzenu. Ukitapika zimetoka. Ikiwa malaria imeshakuwa kali tembe hazitoshi, unahitaji sindano ya artesunate na kitanda cha hospitali. Nenda upimwe. Siku hiyohiyo.

Nikifika hospitali ya kule nisemeje?

Sentensi ya kwanza, kabla ya jina lako hata: nimetoka Kenya tarehe fulani, kwetu kuna malaria, nina homa tangu siku fulani, naomba nipimwe malaria. Usingoje kuulizwa. Daktari wa kule yaweza kupita mwaka hajaona malaria hata moja, akiona kijana ana homa na kichwa Januari atakwambia ni flu nenda kalale, na hana makosa kama wewe umenyamaza. Tena wengine wananyamaza kusudi, wanaona haya kusema Kenya na malaria, wasionekane wametoka maporini. Haya hiyo inaua. Kuna madaktari hapa Mombasa wenyewe wanaipata malaria.

Ukizidiwa, yaani umechanganyikiwa, wapumua kwa shida, watapika kila kitu, mkojo umekuwa mweusi, macho manjano, hapo usipande basi, piga 112, namba moja nchi zote za Umoja wa Ulaya na haina malipo. Uingereza ni 999, na 112 pia inashika. Iandike kwenye karatasi na mwenyeji wako mwambie, manake wewe mwenyewe huenda usiweze kupiga.

Na pesa? Nasikia kitanda siku moja ni maelfu.

Ndio maana viza ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya, haitoki bila bima ya angalau euro 30,000, ile uliyoilipia ukalalamika. Basi itumie. Iprinti, namba yao ya simu isevu, nakala muachie mtu nyumbani. Nyingi hazilipii ugonjwa ulokuwa nao kabla, lakini malaria iliyokulipukia safarini ni dharura. England malaria imo kwenye orodha ya magonjwa ambayo hata mgeni hatozwi kupimwa wala kutibiwa. Kwa hivyo kukaa chumbani na homa siku 5 kwa kuogopa bili, bili yenyewe huijui, hilo silielewi.

Nina presha na sukari. Dawa nabebaje?

Sio hivi: mzee mmoja wa Majengo alinionyesha kichupa cha asali, ndani tembe za rangi nne zimechanganyika, nyeupe kubwa, nyeupe ndogo, ya waridi na ya manjano iliyomeguka nusu. Namuuliza ya presha ni ipi, ananambia hiyo ndogo. Ndogo zilikuwa aina mbili.

Kila dawa ibaki kwenye pakiti yake yenye jina. Chukua za kutosha siku zote za safari na wiki mbili juu yake, na zote ziwe begi la mkononi, begi kubwa hupotea. Insulini hasa, kule chini ya ndege yaweza kuganda na ikiganda imekufa, itupe. Ile sheria ya maji ya mililita 100 dawa haiihusu ukiwa na barua. Barua iwe na jina la dawa yenyewe, amlodipine, losartan, metformin, sio jina la kampuni, manake jina la kampuni kule huenda hawalijui.

Na usitegemee utanunua huko kama hapa unavyoingia famasi ukaomba amoxil mbili. Antibayotiki huuziwi bila cheti cha daktari. Dawa kali za maumivu kama tramadol usibebe ya mtu na usimbebee mtu.

Kuhusu saa usijisumbue, Ujerumani wako nyuma yetu saa 1 wakati wa joto na saa 2 wakati wa baridi, meza kama kawaida. Ambacho sitaki kusikia ni "niliacha dawa ya presha kwa sababu ya kwenda chooni kwenye ndege". Mwambie mwenzako akupishe, upite.

Miguu ikivimba kwenye ndege?

Yote miwili ikivimba kidogo na kupungua baada ya siku moja mbili si neno. Mmoja ukivimba peke yake, shavu la mguu lauma na lina moto, hilo laweza kuwa damu imeganda, nenda hospitali siku hiyo, na kifua kikibana au pumzi ikikatika piga 112. Nairobi mpaka London ni zaidi ya saa nane, inuka utembee, kunywa maji. Mjamzito, aliyepasuliwa karibuni na anaemeza vidonge vya kupanga uzazi waongee nasi kabla. Wajawazito pia, mashirika mengi yataka barua kuanzia wiki ya 28 na baada ya 36 hawakubebi.

Mwenye selimundu asisafiri kimyakimya. Hewa ya ndani ya ndege ni nyepesi, ukichanganya na kiu na baridi ya kutokea mlangoni, maumivu yanaanza. Maji, soksi, barua, na daktari wako ajue.

Mamangu hawezi kukaa bila udi. Abebe chetezo?

Udi abebe, makaa asiwashe ndani. Nyumba za kule wakati wa baridi madirisha yamezibwa, moshi wa makaa una gesi isiyo na harufu, mtu analala haamki. Kuna vyetezo vya umeme, mnunulieni.

Nikirudi likizo baada ya miaka miwili, si mwili wangu umeizoea malaria?

Ulikuwa umeizoea. Ukikaa nje bila kuumwa na mbu kinga inapungua, na watoto mliozaa kule hawana kabisa, hao ndio tunaowapokea Agosti wamelegea begani kwa baba. Kabla hamjaja muulizeni daktari wa huko dawa za kinga ya malaria, nyingine zaanzwa kabla ya safari na zaendelea baada ya kurudi, hazinunuliwi airport ya hapa. Na mkisharudi Ulaya homa ikianza, mmeshajua niliyoyasema, Panadol iwekeni chini mkapimwe.