Kovu la Ndui na Seli Zinazokumbuka

Katika vikao vyetu vya elimu ya afya hapa Kisumu, hakosekani mzee wa kukunja mkono wa shati, akaonyesha kovu la chanjo ya ndui aliyopewa utotoni, kisha akauliza kama chanjo hiyo ingali inafanya kazi. Swali lake lina uzito. Ndui ilitangazwa mwaka 1980 kuwa imetokomezwa duniani, kwa hiyo ni zaidi ya miaka 40 mwili wake haujakutana na virusi hivyo. Hata hivyo, watafiti wa Marekani waliopima damu ya watu waliochanjwa zamani walizikuta seli T zinazovitambua virusi vya aina hiyo hata miaka 75 baada ya chanjo, ingawa idadi yake ilikuwa ikipungua kwa nusu kila baada ya miaka 8 hadi 15.

Seli T ni aina ya chembechembe nyeupe za damu. Asili yake ni uboho wa mifupa, nazo hukomaa katika tezi ya thaimasi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, kila moja ikitoka humo na kipokezi chake cha kutambua kipande mahususi cha protini. Nyingi hazitakutana kamwe na kipande chake. Ile inayokutana nacho, kwa mfano mtoto anapochanjwa surua akiwa na miezi 9, hugawanyika kwa kasi na kuzaa maelfu kwa maelfu ya seli za ukoo wake katika muda wa siku chache. Kazi ikiisha, asilimia 90 hadi 95 ya seli hizo hufa, na zinazosalia ndizo seli za kumbukumbu. Mkulima wa Kakamega hatashangaa: sehemu kubwa ya mavuno huliwa, na mahindi machache yaliyo bora hufungwa kwa maganda yake, yakatundikwa juu ya meko ili moshi uyakinge na fukusi. Mfano huo unaishia hapo, kwa sababu mbegu hukauka na kusubiri, ilhali seli ya kumbukumbu lazima itunzwe kila siku.

Matunzo hayo hutegemea hasa protini mbili ambazo mwili wenyewe huzitoa. Intaleukini-7 huiongezea seli uwezo wa kujizuia isife, na intaleukini-15 huichochea igawanyike mara mojamoja, ili zinazozaliwa zizibe pengo la zinazokufa. Wengi hudhani kwamba kumbukumbu hudumu kwa sababu mabaki ya adui yamejificha mahali fulani mwilini yakiikumbusha. Sivyo. Seli za kumbukumbu zilipohamishiwa ndani ya panya wa maabara wasio na molekuli za kuzionyesha kipande chochote cha adui, ziliendelea kuishi na kugawanyika. Kwa binadamu, mwendo huo ulipimwa kwa watu waliochanjwa homa ya manjano, ugonjwa uliozuka Bonde la Kerio mwaka 1992. Wanaojitolea walikunywa maji yenye haidrojeni nzito, ambayo huacha alama katika seli zinazogawanyika, ikabainika kwamba seli zao za kumbukumbu ziligawanyika kwa wastani chini ya mara moja kwa mwaka.

Si seli zote zinazozunguka katika damu. Nyingine huhamia kwenye ngozi, mapafu na utumbo, zikaweka makazi ya kudumu mahali ambapo adui hupitia, ndiyo sababu kipimo cha damu peke yake hakiwezi kuonyesha kumbukumbu yote aliyo nayo mtu.

Mpango huu, kwa bahati mbaya, una mgeni aliyejifunza kuutumia, naye anajulikana vyema katika kaunti za kandokando ya Ziwa. Virusi vya Ukimwi huingia katika seli T aina ya CD4, na baadhi yake hujichanganya na vinasaba vya seli za kumbukumbu zilizotulia. Hapo havizalishi chochote, kwa hiyo dawa za ARV, ambazo huzuia virusi kuzaliana, hazina la kufanya. Seli inapolindwa isife, na virusi vilivyomo hulindwa. Inapogawanyika, navyo hunakiliwa. Hifadhi hiyo hupungua kwa nusu takribani kila baada ya miezi 44, na kwa mwendo huo seli milioni 1 zingehitaji zaidi ya miaka 70 kuisha. Kwa hiyo mgonjwa wa Siaya ambaye kipimo kimeonyesha kwamba virusi havionekani katika damu yake huendelea kumeza dawa zake kila siku, maana akiziacha, virusi kwa kawaida huonekana tena katika damu baada ya wiki chache.