Kuficha safu ya Excel si kuifuta

Karatasi ya pointi (alama za mitihani) kwenye valve, yaani ubao wa matangazo, ya fakilti husomwa na anayepita hapo, na siku moja inang'olewa. Faili ya Excel ikishaingia kwenye grupu ya WhatsApp ya promosheni (wanafunzi wa mwaka mmoja), iko ndani ya simu 60, na nani ataing'oa?

Kawaida tatizo si wezi wa mitandaoni. Sistanti, msaidizi wa profesa, anaficha safu ya majina kwa Masquer (ficha), anabakiza matrikule, yaani namba ya usajili ya mwanafunzi, anatuma. Anayepokea anachagua Afficher (onyesha), na majina yote hayo hapo. Ukichuja mistari hadi abaki mwanafunzi mmoja, wenzake wote bado wamo ndani ya faili. Neno la siri la kulinda karatasi nalo linazuia mtu kubadilisha pointi tu, kusoma anasoma. Na matrikule iko kwenye kadi na kwenye orodha ya mahudhurio, kwa hiyo usiihesabu kuwa siri.

Mpe kila mwanafunzi namba isiyohusiana naye kwa lolote. Excel ya Kifaransa inaitoa kwa =ALEA.ENTRE.BORNES(100000;999999). Tarakimu ziwe sita: zikiwa nne, kwa wanafunzi 60 kuna uwezekano wa karibu 18 kwa 100 kwamba wawili watagongana kwenye namba moja, kwa sita, ni kama 0.2 kwa 100. Fomula hiyo inazaa namba mpya kila unapobadilisha kitu kwenye kisanduku kingine. Basi nakili safu nzima, ibandike palepale kwa Valeurs (namba tu, bila fomula), ndipo umgawie kila mtu namba yake, peke yake.

Sasa fungua faili mpya kabisa, bandika humo namba na pointi tu, kisha panga upya kwa kufuata namba. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa. Majina yameondoka, lakini mistari imebaki kwa alfabeti, na darasa zima linajua Amani ndiye wa kwanza kwenye orodha. Ukimaliza, toa PDF.

Mkiwa na wanafunzi watano tu, namba hazifichi kitu. Mtumie kila mmoja pointi zake. Kwa barua pepe ya wengi, anwani ziende kwenye Cci, ili wapokeaji wasionane. Kongo (DRC) ina sheria ya mambo ya dijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, Ordonnance-loi n° 23/010, na ulinzi wa data za watu umo ndani yake.

Ukikosea faili kwenye WhatsApp, ifute kwa wote mara moja. Muda wa kufanya hivyo ni siku mbili na kidogo, lakini nakala iliyokwisha kutumwa kwingine huipati tena.

Kuna pia kibanda cha fotokopi. Chapisha moja kwa moja kutoka kwenye flashi, usikubali faili inakiliwe kwenye kompyuta yao. Kama umefungua WhatsApp pale, toka kupitia simu yako mwenyewe, kwenye Appareils connectés (vifaa vilivyounganishwa), kabla hujalipa.