Foromali: mti unaobeba tanga

Anayeitazama ngalawa kutoka ufukweni huona mlingoti na tanga, basi. Siku akijiundia chombo chake mwenyewe, huchukua tanga akalifunga mlingotini moja kwa moja, kama bendera kwenye nguzo. Nami nilifanya hivyo hivyo. Nilikata turubai, nikalishona usiku mbili, kisha nikalipigilia mlingotini kwa misumari, kila msumari na kipande chake cha mpira wa tairi ili kitambaa kisichanike. Nilikuwa na fahari kubwa na vile vipande vya mpira.

Mzee mmoja, fundi wa vyombo wa pale kwetu, akapita. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akauzunguka mtumbwi mara moja kimya. Halafu akaushika mlingoti. "Mwanangu, upepo ukikuzidi huko nje, hili utalituaje?"

Sikuwa na jibu. Akauliza tena: "Foromali yako iko wapi?"

Foromali ni mti mrefu, mwembamba, ambao ukingo wa juu wa tanga hufungwa juu yake kutoka ncha hadi ncha. Mti huo hupandishwa kwa kamba hadi karibu na kilele cha mlingoti, ukaning'inia hapo kwa mshazari: ncha moja imeinama mbele kuelekea omo, nyingine imepanda juu kuelekea tezi, nyuma ya chombo. Kwa hiyo kwenye ngalawa, mashua au jahazi, tanga halifungwi mlingotini. Mlingoti hubeba foromali, na foromali ndiyo inayobeba tanga. Hata mtepe wa zamani, ule uliounganishwa kwa kushonwa kwa kamba na tanga lake likiwa mkeka wa mraba, ulining'iniza mkeka huo kwenye foromali. Vyombo vingi vya starehe vya Ulaya siku hizi ndivyo vinavyopandisha tanga likiwa limeshikana na mlingoti, kwa pete au kwa mfereji uliochongwa humo, na picha zake ndizo zinazotupoteza sisi tunaojifunza kwa kutazama simu.

Faida ya kwanza ya foromali ni kimo. Mlingoti wa ngalawa ni mfupi, na ni vizuri uwe mfupi, maana mlingoti mrefu hukitesa chombo chembamba. Lakini foromali huweza kuwa ndefu kuliko mlingoti wenyewe, na ncha yake ya nyuma hupanda juu zaidi ya kilele, ikalipeleka tanga kule ambako upepo haukatwi na minazi wala mawimbi.

Faida ya pili ndiyo ile aliyoniuliza mzee. Kiswahili kina maneno mazuri mno hapa. Tanga hutwekwa, yaani hupandishwa, na tanga hutuliwa. Kutua ni lile lile la mchukuzi anapoutua mzigo wake, na la jua linapotua jioni. Mzigo wa upepo ukizidi, unalegeza kamba moja tu, foromali inashuka yenyewe kwa uzito wake, na tanga lote linashuka nayo. Tanga lililopigiliwa misumari halituliki. Dhoruba ikikukuta nalo, kilichobaki ni kukata kwa kisu au kupinduka.

Sasa, kulifunga tanga kwenye foromali. Hapa ndipo nilipopoteza siku nyingi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Pindo la juu la tanga lishonewe kamba ndani yake, kwa sababu kitambaa kitupu huvutika na kupoteza umbo. Chini kidogo ya kamba hiyo toboa matundu, umbali wa shibiri moja hivi kati ya tundu na tundu, na kila tundu lizungushiwe uzi kama kifungo cha shati. Laza foromali chini, mchangani. Anza na pembe ya mbele: ifunge kwenye ncha ya mbele ya foromali, kaza sana, pembe hii isisogee hata wanda moja. Nenda ncha ya nyuma, vuta pindo mpaka linyooke, ufunge. Ndipo urudi katikati, tundu baada ya tundu.

Kila tundu lipate kamba yake fupi na fundo lake. Mimi nilitumia kamba moja ndefu iliyozunguka foromali kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa ilikuwa upesi na ilipendeza. Ikasagika mahali pamoja tu, karibu na mlingoti ambako msuguano ni mkali, na nusu ya tanga ikajifungua mbele ya macho yangu. Kamba fupi fupi ikikatika moja, nyingine zinashika, nawe unafika nyumbani.

Mkazo wa pindo ni jambo la kutazama kwa jicho. Ukilegeza, tanga litaning'inia kati ya fundo na fundo kama nguo iliyoanikwa vibaya, na upepo utapita kwenye mianya. Ukikaza kupita kiasi, kunatokea mkunjo mrefu sambamba na foromali, na tumbo la tanga linakufa. Tweka upepo ukiwa mdogo, asubuhi, utazame. Kisha tua, rekebisha, tweka tena. Turubai jipya litavutika baada ya safari mbili tatu, kwa hiyo kazi hii utairudia.

Foromali yenyewe hutundikwa kwa kamba iitwayo henza, inayopita kileleni mwa mlingoti na kushuka ndani ya chombo. Kwenye jahazi, ambako foromali ni nzito na mara nyingi huwa ni miti miwili iliyofungwa pamoja, henza huongezewa jarari, kamba ya kuvutia, na gofia, yaani kapi inamopita kamba hiyo, ili mabaharia waweze kuvuta. Kwenye mtumbwi mdogo mkono mmoja unatosha. Henza haifungwi katikati ya foromali. Hufungwa mbele ya katikati, kiasi cha theluthi moja ya urefu kutoka ncha ya mbele, au kuzidi kidogo, ili upande wa nyuma uwe mrefu na tanga liwe na eneo la kutosha nyuma ya mlingoti. Pale panapofaa kwa chombo chako utapapata kwa kujaribu. Weka alama kwa rangi ukishapapata.

Halafu kuna kitanzi. Bila kitu cha kuishikilia, foromali huyumba mbali na mlingoti na kuurudia kwa kishindo. Kwa hiyo hufungwa kitanzi cha kamba kinachouzunguka mlingoti, kipana kiasi cha kuteleza. Mlingoti upakwe mafuta sehemu hiyo. Wazee hutumia sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake haitoki mikononi. Kitanzi kikibana, foromali itagoma kushuka siku ile ile unayoihitaji ishuke.

Mlingoti wa vyombo vyetu umeinamia mbele kidogo, nao si kosa la fundi. Unapotaka kugeuza tanga upande wa pili, foromali husimamishwa wima na kupitishwa mbele ya mlingoti, na demani, ile kamba ya pembe ya nyuma, hufunguliwa ikazungushwa nayo. Mlingoti ulioinama huacha nafasi ya kufanya hivyo. Katika mtumbwi mdogo wengine huiacha foromali upande mmoja na kukubali tanga ligandamane na mlingoti wanapobisha, yaani wanapokwenda mshazari dhidi ya upepo, kuelekea upande mwingine. Chombo hupungua mwendo kidogo, lakini kwa mtu aliye peke yake naona ni busara, hasa vipindi vya tanga mbili, kati ya kaskazi na kusi, upepo usipokuwa na msimamo.

Misumari niliing'oa yote kwa koleo jioni ile ile, mzee akiwa ameketi juu ya gogo ananionyesha fundo la henza: la kuzungusha, lenye mkia, ambalo likivutwa mara moja linafunguka hata kamba ikiwa imelowa. Alinifanya nilifunge na kulifungua nikiwa nimefumba macho.