Je, Wajua Kwa Nini Desemba Mabasi Yote Huelekea Magharibi?

Sikukuu ya Jamhuri ya tarehe 12 Desemba ikishapita, Nakuru huanza kupokea wageni wasiolala. Mabasi ya kutoka Nairobi yanaingia mchana na usiku yakiwa yamejaa hadi mlangoni, na juu yamefungwa magodoro, mabati, viti vya plastiki na mitungi ya gesi. Abiria wanashuka kunyoosha miguu, wananunua mahindi ya kuchoma na maji, kisha makanga anagonga bodi na safari inaendelea. Mbele kidogo, pale Mau Summit, msafara unagawanyika: wa Kericho na Kisumu wanakata kushoto, wa Eldoret na Bungoma wanaendelea moja kwa moja. Nauli hupanda, wakati mwingine maradufu, na bado viti havitoshi.

Ukimuuliza abiria kwa nini anateseka hivyo, atakwambia Krismasi ni nyumbani. Ni kweli, lakini jibu hilo halimalizi swali. Safari kubwa kuliko zote duniani za watu kurudi kwao hazihusiani na Krismasi hata kidogo.

Uchina, watu husafiri kwa ajili ya mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, ambao huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari. Pilikapilika hizo huitwa Chunyun na huchukua siku 40. Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote, jiji la Jakarta humwaga watu wake wakati wa Idd el Fitr. Tena huko sheria inamlazimu mwajiri kumlipa mfanyakazi posho ya sikukuu angalau wiki moja kabla ya Idd, na aliyefanya kazi mwaka mzima hupata mshahara wa mwezi. Japani nako, tarehe 25 Desemba ni siku ya kazi kama nyingine. Familia nyingi hula kuku wa KFC jioni hiyo, desturi iliyotokana na matangazo ya biashara ya miaka ya 1970, lakini safari ya kurudi kwa wazazi husubiri mwaka mpya.

Hao Wajapani wana kisa kimoja kinachonifunulia jambo lote. Zamani, vijana waliokuwa wakitumika madukani na majumbani mwa matajiri walipewa ruhusa ya kwenda kwao mara mbili tu kwa mwaka: tarehe 16 ya mwezi wa kwanza na tarehe 16 ya mwezi wa saba. Siku hizo ziliitwa yabuiri. Bwana alimpa kijana nguo mpya na pesa kidogo, naye akaenda kuwaona wazazi. Mvulana huyo na fundi wa Nairobi anayesubiri tajiri afunge kazi tarehe 20 Desemba wamo katika hali moja. Safari ya namna hii huzaliwa pale ambapo kazi iko mahali pamoja, na ardhi, wazee na makaburi viko mahali pengine. Sikukuu ndiyo ruhusa.

Kwetu utengano huo ulipangwa na watu, na miaka yake inajulikana. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu Desemba 1901, wakati huo pakiitwa Port Florence. Mwaka huo huo serikali ya kikoloni ilitunga kanuni za kodi ya nyumba. Mwenye boma la nyumba tatu alitakiwa kulipia zote tatu, na pesa hazikuwa zikiota shambani. Wanaume wa Nyanza na nchi ya Waluhya wakapanda treni kwenda kuzitafuta: bandarini Mombasa, kwenye karakana za reli Nairobi, na hapa Nakuru kwenye mashamba ya walowezi. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1915 ya kipande, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume alilazimika kubeba karatasi zilizoonyesha ametoka wapi na anamfanyia kazi nani.

Mjini alipewa nafasi ya kitanda, si nyumba ya familia. Mshahara wake ulikadiriwa kana kwamba hana mke wala watoto, kwa sababu wao walikuwa kijijini wakijilimia chakula. Nikipita mitaa ya zamani ya Waafrika hapa Nakuru, kama Bondeni, huwa nawafikiria wazee hao. Mtu aliyekaa mjini miaka 30 namna hiyo hakuwa na sababu ya kupaita kwake.

Uchina ilifikia hali inayofanana na hiyo kwa sheria yake ya mwaka 1958 ya usajili wa makazi, inayoitwa hukou. Aliyesajiliwa kijijini anaweza kufanya kazi kiwandani mjini miaka mingi, lakini shule na huduma za mji ni vigumu kuzipata kwa ajili ya wanawe, kwa hiyo wengi huwaacha watoto kwa bibi na babu. Afrika Kusini, migodi iliweka wanaume peke yao katika mabweni. Mpaka leo sekta ya ujenzi na viwanda vingi hufunga katikati ya Desemba, na barabara za kutoka Johannesburg hujaa watu wanaoelekea Limpopo, Eastern Cape, Lesotho na Msumbiji.

Kwa nini basi kwetu iwe Desemba na si Pasaka au Agosti? Wamisionari walileta Krismasi, waajiri wakaifanya likizo, na mambo mengine yakaja kujipanga kuizunguka. Shule hufungwa mwisho wa mwaka. Kule Trans Nzoia na Uasin Gishu mahindi yaliyopandwa Machi na Aprili yameshavunwa. Vyama vya akina mama, vilivyoweka akiba tangu Januari, huvunja na kugawana pesa. Ni mwezi pekee ambapo watoto, chakula, pesa na ruhusa ya bosi hupatikana kwa pamoja.

Halafu kuna shughuli ambazo simu haiwezi kuzifanya. Mwanamume wa Kijaluo anayetaka kuanzisha boma lake mwenyewe haendi peke yake. Kwa desturi, hutoka alfajiri na baba yake, au ndugu wa baba ikiwa baba hayupo, pamoja na mke na mtoto wa kiume wa kwanza, wakiwa wamebeba jogoo, shoka na moto. Kama mzee yuko Siaya, kijana yuko Mombasa na mtoto yuko shule ya bweni, ni lini watu hao watakutana alfajiri moja? Ndiyo maana Desemba ni mwezi wa kufungua boma, kupeleka mahari, kugawa shamba na kusuluhisha ndugu waliokosana.

Kakamega kuna jambo ambalo mgeni hapaswi kulikosa. Waisukha na Waidakho hupiganisha fahali, na tarehe 26 Desemba huwa ni siku yake kubwa. Fahali huletwa uwanjani asubuhi akitanguliwa na ngoma za isukuti, ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Hakuna mtu anayemchoma fahali mkuki. Ni fahali kwa fahali, pembe kwa pembe, na anayegeuka na kukimbia ameshindwa. Mashabiki humkimbilia mshindi wakimwimbia, na mwenye fahali hubebwa juu juu. Vihiga nao, tarehe hiyo hiyo, Wamaragoli hukutana Mbale kwa tamasha lao la utamaduni. Sherehe zimewekwa siku ambayo wenyewe wapo.

Si kila mtu husafiri. Hapa Nakuru kuna familia nyingi ambazo kwao ni hapa hapa, na siku hiyo hupika chapati, huchinja na kwenda kanisani bila kugusa basi. 

Vijana waliozaliwa mjini nao wanageuza mkondo. Uchina wameliona: wazazi wa kijijini sasa hupanda treni kwenda kuwatembelea watoto wao mijini, maana tiketi za kuelekea huko ni rahisi kupata na mtoto hana likizo ya kutosha. Kwenye steji yetu huwaona pia, akina mama wazee wakishuka kutoka Kakamega na Kisumu, kuku wa kienyeji kwenye kikapu na gunia la njugu mgongoni mwa mjukuu aliyekuja kuwapokea.