Acheni Kumwambia Mfiwa "Jikaze"

Dhana: Anayekwenda kufariji lazima awe na maneno ya faraja.

Kwa sababu ya dhana hii wafiwa wengi hufika kwa mshauri wakiwa na majeraha mawili: la kufiwa, na la waliyoambiwa msibani. "Jikaze, watoto wanakutazama." "Bora amepumzika." "Wewe bado kijana, utapata mwingine." Msemaji hana nia mbaya, ila ukimya unamtisha na anatafuta cha kuujaza. Anachosikia mfiwa ni amri ya kunyamaza. Anaitikia "asante", anajifuta kwa upindo wa kanga, na kuanzia hapo analia usiku wenzake wakishalala.

Kisha wanakuja wa maandiko. "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa" ni kauli ya Ayubu, mfiwa mwenyewe. Si ya wageni wake. Wageni wale watatu walikaa naye chini siku 7, usiku na mchana, bila kumwambia neno, na hilo ndilo jema walilofanya. Walipoanza kumweleza sababu za msiba wake ndipo walipoharibu. Yesu naye alilia alipokwenda kwenye kaburi la Lazaro. Mtume Muhammad alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe mchanga, Ibrahim, na alipoulizwa akasema hiyo ni huruma. Kinachokatazwa ni kujipiga mashavu na kurarua nguo. Kwa hiyo anayedai kwamba kulia ni upungufu wa imani hana pa kusimamia, si kanisani wala msikitini.

Ukifika, toa pole mara moja, inatosha. Kaa ubavuni mwake, si mbele yake kama hakimu, na simu izimwe sauti. Akinyamaza, nyamaza. Akianza kusimulia, mwache arudie yaleyale hata mara ya tano: simu ilipigwa saa ngapi, nani alikuwa wodini, marehemu alisema nini mwisho. Usimkatize kwa "hata mimi nilipofiwa na mama". Kama hukumjua marehemu, uliza alikuwa mtu wa namna gani. Kama ulimjua, mtaje kwa jina. Wengi huliepuka jina hilo wakidhani wanamkumbusha, kana kwamba alikuwa amesahau! Akilia, usikimbilie kumpigapiga mgongo wala kumshikisha leso. Leso ya haraka nayo humwambia anyamaze. Iweke karibu, ataichukua mwenyewe. Nusu saa yatosha siku za mwanzo, maana hajalala wala hajala.

Na ile "ukihitaji chochote niambie" tuiache. Mfiwa hana nguvu za kupangia watu kazi. Sema, "Jumamosi saa nne nakuja kufua," halafu uje.

Dhana: Baada ya arobaini yamekwisha.

Siku ya tatu au ya nne matanga yanaanuliwa, turubai linashushwa, viti vya kukodi vinarudi. Kwa wengi ganzi ya mwanzo huisha baadaye, nyumba ikiwa tupu. Daftari la rambirambi linaonyesha nani katoa elfu tano na nani kumi, lakini halina ukurasa wa nani atakwenda wiki ya sita. Uongezeni huo ukurasa. Jumuiya ya watu 12 ikigawana wiki, mtu mmoja kila wiki, tayari ni karibu miezi 3. Andikeni pia tarehe ngumu: siku ya kuzaliwa ya marehemu, Idi au Krismasi ya kwanza, mwaka ukitimia. Ujumbe wa "pole sana" kwenye kundi la WhatsApp hauhesabiki kama kwenda.

Chakula nacho. Jaafar bin Abi Talib, binamu yake Mtume Muhammad, alipouawa vitani Mu'ta, Mtume aliagiza watu wawapikie jamaa zake. Sisi tunamwachia mjane deni la mchele.

Dhana: Mwenye eda asifikiwe na watu.

Eda ya kufiwa ni miezi 4 na siku 10, au mpaka ajifungue kama ni mjamzito. Si kifungo. Wanawake wenzake wamtembelee, wakae naye, wazungumze.

Dhana: Majonzi yana hatua tano za kufuatana.

Hatua hizo, yaani kukana, hasira, kubembeleza, huzuni nzito na kukubali, aliziandika daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969 baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa, si na wafiwa. Msimpime mtu "amefika hatua gani".

Dhana: Mtoto aambiwe baba amesafiri.

Atamsubiri. Ukimwambia "amelala", huenda akaogopa kulala. Sema amekufa, mwili umeacha kufanya kazi, hatarudi, na si kosa la mtoto. Atauliza tena kesho, jibu vilevile.

Dhana: Bila mtaalamu au mchungaji hakuna uponyaji.

Harare, Zimbabwe, tangu 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda amefundisha mabibi wa mtaani kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza na kuwasaidia kutatua tatizo moja moja. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa waliokaa kwenye benchi hilo walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Waliohudumiwa hapo walikuwa na sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) na wasiwasi, si wafiwa peke yao, lakini mabibi wetu nao wanajua kukaa.

Dhana: Ukimuuliza mtu kama anafikiria kujiua utamtia wazo.

Hutamtia wazo. Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Akikubali, usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu ya panya nyumbani, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Vilevile kama miezi 6 imepita na majonzi hayajalegea kabisa, hawezi kazi wala watoto, anahitaji mshauri au daktari pamoja na maombi. Msimpe karatasi ya rufaa aende mwenyewe. Mmoja wenu aende naye, akae kwenye foleni, na amsubiri mpaka atoke.